Alivyolitetea Shamba la Dada Yake

Fiksiko alikuwa na mdomo, na hilo hata waliomchukia walilikubali. Pale Wilani, kijiji cha Wamaskoki, wenyeji wa Amerika, kando ya mto Talapusa, vijana wengine walijulikana kwa shabaha au kwa mbio kwenye mpira wa vijiti; yeye alijulikana kwa kusema. Baba yake, mzee Tulok, alikuwa Mskoti aliyekuja kununua ngozi za kulungu, akaoa, akahamia kwa mkewe kama mwanaume yeyote mwenye adabu zake, akamfundisha mwanawe Kiingereza dukani. Lakini malezi yalikuwa ya mjomba. Mjomba Kacha ndiye aliyemchanja miguu kwa meno ya samaki alipokosa heshima, ndiye aliyempa jina la utu uzima, ndiye aliyemkalisha kwenye benchi la ukoo wa Mamba uwanjani pa baraza. Baba alikuwa mtu mwema. Alikuwa mgeni mwema aliyekaa muda mrefu.

Mzee Tulok alipokufa, walowezi walikuwa wamekwisha kuvuka mto. Kwanza walikuja ng'ombe wao wakala mahindi ya watu. Kisha wakaja wenyewe kuwatafuta ng'ombe, kisha wakakata miti ya kibanda cha kulala watafuta ng'ombe, na ukigeuka hivi unakuta kibanda kina mke, watoto na bomba linalofuka moshi. Fiksiko ndiye aliyekwenda kuwatoa. Aling'oa vigingi vya wapima ardhi akavitupa mtoni. Alisimama barazani akawaambia wakuu wa vijiji kwamba atakayekubali kuuza hata shimo la panya asirudi kwa mama yake. Wakamfanya mkuu wa Wilani kabla hajaota mvi, na walowezi wakamwita chotara mkorofi, jina ambalo kwa siri alilipenda.

Sasa, mwaka huo, wanawake wakiwa kwenye palizi, akaja mlowezi mmoja aitwaye Pruit na watu wake wawili na mnyororo wa kupimia. Walisimama katikati ya shamba la Wihoki, dada yake Fiksiko, tumbo moja. Fiksiko akaitwa, akaja mbio.

"Nani mwenyewe hapa?" Pruit aliuliza bila kushuka farasini. "Mimi naona vibibi na majembe tu."

"Anasemaje huyo?" Wihoki akauliza.

"Anauliza mwenye shamba."

"Kwani hanioni? Mwambie ni langu. Lilikuwa la mama, na la mama yake mama. Halafu mwambie farasi wake ananikanyagia maharage."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kuyageuza maneno hayo. Lakini Fiksiko alimjua Pruit na wenzake. Kule chini mtoni bibi mmoja alikuwa amewaambia vivyo hivyo, kwamba shamba ni lake, nao wakacheka wakauzungusha mnyororo wao miguuni pake. Akawaza, nikisema ni la mwanamke, limekwenda. Na tuseme ukweli, palikuwa na jambo jingine pia: aliona haya kumwambia Mzungu kwamba yeye, mkuu wa kijiji, hana hata shimo moja la kupandia punje la kwake.

"Ni langu," alisema kwa Kiingereza, akalitaja jina alilopewa na baba. "Naitwa Gavini Tulok. Baba yangu alikuwa Aleksanda Tulok, mfanyabiashara wa hapa. Kaniachia mimi."

Pruit akavua kofia.

"Uniwie radhi, Bwana Tulok. Sikujua kama pana mwenyewe."

Wakakunja mnyororo wakaondoka, tena kwa adabu, wakizungukia pembeni.

Wihoki alishika kiuno akacheka mpaka machozi. "Kavua kofia! Mmemwona? Kaka, umemwambia kama nilivyosema?"

"Nimemwambia."

"Na maharage?"

"Na maharage."

Sijui kama wasomaji wangu wanauelewa uzito wa alichokifanya. Kwa Wamaskoki mtoto ni wa mama, shamba ni la mama, na anayedai ardhi kwa jina la baba ni kama mtu aliyeokotwa njiani. Fiksiko alikuwa amesimama kwenye ardhi ya mama yake akamkana mama yake, na dada yake alikuwa kando yake akitabasamu. Alipokwenda kunawa mtoni, masikio yalikuwa bado yanamwaka moto.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Wihoki hakunyamaza. Alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza jinsi Mzungu alivyovua kofia kwa neno la mwanamke. Kila jioni alimpelekea kaka yake uji mchachu wa mahindi, bakuli la kwanza kabla ya mtu mwingine, naye akawa anaunywa kwa shida. Wanawake wengine wakaanza kumfuata.

"Njoo na kwangu, mwanangu," alisema Tilasi, mama yake mdogo. "Wapo wengine kule kwenye maboga yangu wanachungulia. Waambie kama ulivyowaambia wale."

Akaenda. Angesema nini? Wapimaji walikuwa wale wale, na ulimi ulishateleza. Akasema lile shamba nalo ni la baba yake. Baadaye akasema hivyo hivyo kwenye shamba la tatu. Kila aliposema walowezi walivua kofia, na kila walipovua, wanawake walimpigia vigelegele, naye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ikafika sikukuu ya mahindi mapya. Moto wa zamani ukazimwa, wanaume wakakaa uwanjani na njaa zao, wakanywa kinywaji cheusi na kukitapika ili wasafike. Siku hizo makosa yote ya mwaka husamehewa, isipokuwa kuua. Ungesema kosa lako pale, likaishia pale. Fiksiko alikuwa amejipanga kusema. Alikuwa na maneno mdomoni kabisa, mjomba Kacha aliposimama.

"Mimi nimelea," alisema mzee kwa furaha. "Wengine wanalea wapiga kelele. Mimi nimelea mtu aliyemfanya Mzungu amsikilize dada yangu kaburini."

Watu wakaitikia. Fiksiko akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumpenda. Moto mpya ukawashwa. Kosa lake likabaki halijasemwa.

Pruit alirudi wakati wa mavuno. Safari hii alikuwa na mwanaume mweupe, mrefu, mwenye pua ya mzee Tulok palepale usoni. Nusu ya kijiji ilikuwa shambani kwa Wihoki ikivunja mahindi, mjomba Kacha akiwa ameketi juu ya lundo la mabua.

"Mimi ni Hekta Tulok, kutoka Ogasta," mgeni alisema, akampa Fiksiko mkono. "Mtoto wa Aleksanda, wa ndoa ya kanisani. Nasikia umeshuhudia mara tatu, mbele ya watu, kwamba mashamba haya yalikuwa ya baba. Ndoa ya huku sheria yetu haiitambui, basi mrithi ni mimi. Nimekwisha kumuuzia Bwana Pruit. Nashukuru, ndugu yangu, kwa kunitunzia."

Fiksiko alisema si kweli, mashamba ni ya wanawake. Pruit akacheka tu. "Ulisema mwenyewe, Bwana Tulok. Nilivua kofia, unakumbuka?"

"Anasemaje?" Wihoki akauliza.

Akamwambia. Hapakuwa na njia ya kukwepa. Alimwambia yote aliyosema Hekta, ya kurithi kwa baba, ya kuuzwa, na ya yale mashamba mengine mawili. Tilasi akaangusha kikapu.

"Nani kamwambia kwamba ni la baba yako?" Wihoki aliuliza polepole. "Siku ile niliyokutuma, ulimwambia nini? Niambie kama ulivyomwambia."

Fiksiko hakuwahi kuyasema maneno yale kwa lugha ya mama yake. "Nilisema ni langu," alisema. "Nilisema kaniachia baba."

Angeshukuru wangempigia kelele. Mjomba Kacha aliinuka kwenye mabua, akajikung'uta, akaondoka bila kumtazama.

"Dada, nitakusanya wanaume," Fiksiko alisema. "Nitang'oa kila kigingi. Tutawapiga."

"Kupigania shamba la nani?"

Yeye, mwenye mdomo, akaanza kusogeza mabua kwa mguu.

Wihoki alichukua kikapu alichoangusha mama yake mdogo, akaanza kuokota mahindi. "Mwambie ndugu yako," alisema, bila kuinua kichwa, "tutamaliza kuvuna kwanza."

Fiksiko akamgeukia Hekta Tulok akatafsiri, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akasema kile dada yake alichomtuma.