Maembe Yasiyotuliwa na Nzi

Shangazi yangu ana ulimi mkali, na mimi ninayeuza vitunguu kwenye meza iliyopakana na yake nimeonja makali hayo vya kutosha. Lakini anayeyapata kila siku ya Mungu ni mumewe, fundi viatu anayekaa langoni mwa soko. Asubuhi anaitwa gogo, mchana mzigo, na siku ambayo biashara imekuwa nzuri anaitwa "yule mtu". Naye hugonga misumari yake tu, kimya. Sote tulishaamua kwamba wawili wale wanaishi pamoja kwa mazoea.

Kitu pekee ambacho Shangazi alikisema vibaya kuliko mumewe ni kuoza. Kila jioni maembe yalimbakia mezani yana madoa meusi, na mtaji ukaishia jalalani. Ndipo akaanza kulichunguza boga. Boga hukaa jikoni muda mrefu bila kuoza, na ukilipapasa unakuta ganda lake lina unga mweupe, laini, unaoteleza. Akasema kama boga limejishonea nguo, embe nalo litashonewa. Akanunua nta ya nyuki kwa mrina asali, akaiyeyusha na mafuta kidogo, akaanza kupaka.

Mara ya kwanza alipaka kama mtu anayepiga lipu ukuta. Maembe yakakosa pumzi, yakachacha ndani kwa ndani. Fundi viatu, aliyepewa ayaonje, alishinda langoni akiimba, na mteja mmoja akarudishiwa kiatu chenye kisigino mbele. Shangazi alimgombeza mumewe kwanza, halafu nta. Haba na haba akajifunza kupaka utando mwembamba tu kwa kitambaa laini, embe liendelee kupumua, kisha akalilaza ndani ya jani la mgomba. Maembe ya wenzake yakasinyaa. Yake yakabaki vilevile.

Ila nzi nao wakahama. Embe lisilovuja halina cha kumpa nzi, na sokoni kwetu nzi ndiye mkaguzi tunayemwamini. Chakula asichokigusa nzi, watu hukiogopa. Muuza samaki, ambaye nzi wake hawajawahi kukosa kazi hata siku moja, akatangaza kwamba maembe ya Shangazi yamepakwa dawa ya kuhifadhia maiti. Nyani haoni kundule. Kufika mchana wateja walikuwa wanapita upande wa pili, na hata vitunguu vyangu visivyo na kosa vikaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Nilikasirika mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Shangazi akajaribu kuwabembeleza nzi warudi. Alikata embe bovu akaliweka katikati ya meza. Nzi wakaja kwa wingi, wakala lile bovu, wakaenda zao bila hata kuyasalimu mengine.

Basi mwenyekiti wa soko akaja na wazee wenzake, akasema mbele ya watu wote kwamba Shangazi athibitishe maembe yake ni salama, la sivyo meza apewe mtu mwingine. Meza ile ndiyo iliyolisha na kusomesha watoto wake. Shangazi akachukua embe akalila na ganda lake mpaka kokwa. Muuza samaki akasema hiyo si hoja, mchawi hadhuriki na uchawi wake. Shangazi akajitolea kumlisha mama mkwe wake. Watu wakaangua kicheko, maana habari za wawili hao zinajulikana mpaka kwa wauza mkaa.

"Mama, huyo hapana," mwenyekiti alisema, akijitahidi asicheke. "Tuletee mtu ambaye akifa utalia kwelikweli."

Nilijua atamtaja mtoto wake wa mwisho. Shangazi hakuvuta hata pumzi.

"Niitieni mume wangu."

Fundi viatu akaja na nyundo mkononi na msumari katikati ya midomo. Mwenyekiti akamweleza yote: shaka ya watu, mtihani, na sababu ya kuitwa yeye. Akautoa msumari, akautia mfukoni, akala embe na ganda lake polepole, maji yakimchirizika mpaka kwenye viwiko. Tukamsubiri aanguke. Hakuanguka. Mwenyekiti akamuuliza anajisikiaje.

"Kabla sijajibu," alisema, "naomba mumuulize tena mke wangu swali lile. Mimi nilikuwa langoni, sikumsikia."

Mwenyekiti akauliza tena: nani huyo ambaye akifa, utalia kwelikweli? Shangazi aliyatazama maembe, akatutazama sisi, akakung'uta meza ambayo haikuwa na vumbi. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Kisha akachagua embe zuri kuliko yote, akalitia mkononi mwa mumewe bila kumwangalia.

"Ni wewe," akasema. "Haya kula, wateja wanangoja."