Vichwa Arobaini na Viwili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla wageni hawajaamka, mwanamke aliyevaa fulana nyekundu amebana pumzi chini ya jukwaa la mbao linaloelea ziwani. Anapapasa mapipa ya plastiki yanayolibeba, moja baada ya jingine. Anapapasa kamba, wavu, kila kichwa cha msumari. Anaibuka, anavuta hewa, anazama tena.

"Jana nilikagua. Juzi nilikagua," anasema baadaye akiwa gatini, taulo mabegani, midomo ikimtetemeka. "Lakini msumari haupigi hodi."

Watoto humwita Dada Filimbi. Ana miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu, na huu ni msimu wake wa kumi na nne akiwa mwokoaji katika hoteli hii ya mapumziko ya familia. Hufanya kazi miezi minne ya joto, na mshahara wa miezi hiyo ndio unaomlisha yeye, mama yake na wanawe mwaka mzima.

Wageni wa hapa ni wale wale kila mwaka. Kila familia ina chumba chake, na ole wake karani wa mapokezi atakayewachanganya. Kwenye mwimo wa mlango wa bwalo kuna mistari ya penseli inayopima urefu wa watoto, na baadhi ya waliopimwa hapo sasa wanaleta watoto wao. Jumamosi ya mwisho ya likizo, wageni huvaa aproni na kuwapakulia wafanyakazi. Mpishi mkuu, ambaye wote humwita Chumvi, huketi kama bwana harusi na kulalamika kwamba chakula kimepoa.

"Nasubiri mwaka mzima ili na mimi nirudishe sahani jikoni," anasema.

Jumapili inayofuata ni siku ya Mvuko. Watoto wanaojua kuogelea huvuka kutoka gatini hadi jukwaani, mita sitini, huku wazazi wakishangilia na Chumvi akigonga sufuria.

Mvuko wa mwaka huu ni keshokutwa.

Mwaka jana waliingia majini watoto arobaini na watatu. Yeye alikuwa kwenye boti ndogo nyuma yao, mwokoaji mwenzake kabaki gatini. Upepo wa usiku ulikuwa umevuruga ziwa. Ukitia mkono majini hukioni kiwiko.

Watoto walifika. Wengine walining'inia kwenye kamba za pembeni, wengine walipanda wakaanza kurukaruka kwa furaha. Sufuria zinalia, kina mama wanapiga picha. Akahesabu.

"Arobaini na wawili. Nikajiambia, umekosea wewe, watoto hawatulii. Nikahesabu tena. Arobaini na wawili. Hapo baridi ikaniingia mgongoni kama mtu kanimwagia barafu."

Akapuliza filimbi mara tatu, ndefu. Sufuria zikanyamaza. Kutoka gatini akasikia sauti ya mwanamume ikiita jina moja, kisha ikirudia, kila mara juu zaidi. Alikuwa baba wa msichana wa miaka minane ambaye hotelini hapa hujulikana kwa jina la Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni.

Dada Filimbi akatoa amri ambayo hadi leo haimtoki kichwani. "Wote juu ya jukwaa! Kaeni chini, asibaki mtu majini!" Ndivyo waokoaji wanavyofundishwa: toa watu majini kwanza, ndipo utafute. Watoto wakapanda wote. Yeye akajitosa.

Alipiga mbizi mara saba. Mara ya tatu mkono wake uligusa kitu laini, akakivuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa fulana kuukuu iliyojaa tope. Mara ya tano aligusa chini kabisa, mita tatu na nusu, akapapasa majani mpaka masikio yakamlilia.

"Kila nikiibuka namsikia baba yake. Nilitamani nisiibuke," anasema.

Aliibuka mara ya saba akiwa hana pumzi. Wakati huohuo binti mmoja aliyeketi katikati ya jukwaa akapiga ukelele: "Kuna kitu kimenigusa mguu!" Wenzake wakamkemea, wakidhani analeta mzaha. Akainua unyayo, akaonyesha ufa kati ya mbao mbili. Palikuwa na ncha za vidole vitatu.

Kidoti alikuwa chini yao. Alipofika jukwaani alikuta pembeni pamejaa, akapiga mbizi apite chini atokee upande wa pili. Ukanda wa vazi lake la kuogelea ukanaswa na msumari. Kati ya mbao na maji palikuwa na nafasi ya hewa isiyozidi kiganja, na ndani ya nafasi hiyo aliinua pua yake.

Wenzake waliporuka kwa furaha, jukwaa lilididimia na maji yakamfunika uso. Filimbi ilipolia wakatulia, akapumua. Kisha wakaamriwa kupanda wote, akabakiwa na hewa ya pua tu, aliyoibana kwenye ufa wa mbao.

Dada Filimbi anakunja taulo, analikunjua.

"Mimi ndiye niliyewapandisha. Nilimwekea watoto arobaini na wawili kichwani."

Sasa alitakiwa achague. Ili jukwaa liinuke, ilibidi watoto wote warudi majini, wengine wakiwa wamechoka, wengine wanalia. Akapaza sauti: "Shukeni! Shikeni kamba! Mwenye nguvu amshike aliyechoka!" Hakusubiri kuona. Akazama, akafuata mapipa kwa mikono, akakutana na mguu. Mguu ukampiga teke.

"Sijawahi kufurahia teke maishani kama siku ile."

Aliuvuta ukanda hadi ukakatika. Saa ya mwenzake aliyekuwa gatini ilionyesha kwamba tangu filimbi ya hatari zilikuwa zimepita dakika sita. Kidoti alitapika maji, akalia, na jioni akala sahani mbili. Baba yake alimshika Dada Filimbi mkono kwa muda mrefu.

Uongozi wa hoteli uliondoa misumari iliyochomoza na kuzungushia jukwaa wavu. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba hakuna aliyedhurika.

Lakini Dada Filimbi alirudi nyumbani mtu mwingine. Huhesabu watu kwenye foleni ya benki. Mezani huhesabu wanawe, na watatu wakiwa watatu, huhesabu upya. Kitinda mimba wake alimwambia siku moja, "Mama, sisi hatuongezeki." Walicheka wote, kisha yeye akaenda chumbani kulia.

Alitaka kuacha kazi. Barua aliiandika. Mama yake akaisoma, akamrudishia. "Mwanangu, ukiondoka wewe unayeogopa, watamweka asiyeogopa. Huyo ndiye nitakayemwogopa mimi."

Akarudi. Na wiki mbili zilizopita, gari la familia ya Kidoti likaegesha mbele ya mapokezi.

"Alinikimbilia akanikumbatia kiunoni. Kisha akaniambia polepole, kama anayetoboa siri, 'Dada, ulipowaambia wapande, maji yalinifika puani.' Nikamwambia najua, mwanangu. Nisamehe. Akasema, 'Nataka kuvuka tena.'"

Siku ileile alikwenda kwa meneja na sharti moja: mwaka huu hapulizi filimbi ya kuanza mpaka kila mtoto awe na mtu mzima ubavuni mwake, ndani ya maji. Na hakuna kupanda jukwaani. Wataligusa, watarudi.

Meneja alikuna kidevu. "Dada yangu, wageni wamelipa wapumzike."

"Basi wapumzike wakiwa wamelowa."

Meneja hakukubali wala hakukataa. Alimwambia abandike karatasi kwenye mlango wa bwalo, wanaotaka wajiandikishe, halafu wataona. Siku ya kwanza walijiandikisha watu wanne. Mama mmoja alinung'unika kwamba mwokoaji anawatisha watoto bure. Siku ya pili watu sita. Mwaka huu watoto ni thelathini na tisa.

Siku ya tatu, wakati wa kifungua kinywa, baba yake Kidoti alisimama bwaloni, kijiko bado mkononi. Aliwaambia wenzake kwamba mwaka jana alisimama gatini akipiga kelele kwa sababu hajui kuogelea hata kidogo, na kwamba hataki tena kusimama pale. Akaenda mlangoni akaandika jina lake.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya ukaguzi wa jukwaa, Dada Filimbi humfundisha kwenye maji ya kiunoni. Ni mtu mzito, mwenye hofu nyingi. Hushika gati kama mtoto ashikavyo kanga ya mama yake, na Kidoti humsimamia juu akimpa maelekezo: "Baba, puliza mapovu! Usiyameze!" Jumapili atavaa jaketi la kuokolea, na binti yake ataogelea kandokando yake. Nani atakuwa anamvusha mwenzake, hapo hakuna anayethubutu kusema.

Hadi leo mchana majina yamefika thelathini na manne. Chumvi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kulowesha hata kifundo cha mguu katika ziwa hili, ameandika la thelathini na tano na kumkabidhi mwosha vyombo sufuria zake.

Bado wanne. Meneja ameahidi jibu kesho jioni. Dada Filimbi anasema jibu lolote atakalopewa, filimbi iko shingoni mwake.

"Watu wananiambia, usiogope, Mungu yupo, wavu upo," anasema, macho yakiwa majini ambako watoto sita, hapana, saba, wameanza kuingia. "Sitaki kuacha kuogopa. Mwaka jana niliogopa peke yangu mle chini. Keshokutwa nataka tuogope wengi."