Kaya Arobaini za Anatoli

Simu ya mama ilimkuta Keza mjini Ngara, karatasi aliyoitafuta miezi mitatu ikiwa mkononi. "Baba yako Mungu amemchukua, mwanangu. Alikuwa anatoa majani kwenye mfereji." Keza aliikunja karatasi ndani ya kitabu cha sala, akatafuta gari la kurudi Murukulazo.

Anatoli, baba yake, alikuwa mkulima wa migomba. Kijito cha chini ya shamba lake alikifungia gurudumu, likawasha taa sita. Ndipo akaja Elick, wa kampuni inayouza umeme. Serikali, alisema, imeagiza kila muuza umeme apate sehemu ya umeme wake kwenye maji au jua. Wao wangechukua wa Anatoli, walete nguzo, wawashie kaya arobaini. Clotilda, mke wa Anatoli, alitaka mkataba usomwe kwanza. Lakini Elick alikuwa ameinamia chungu cha pombe ya ndizi, mrija wake kando ya mrija wa Anatoli, na kwa wazee wa kule mtu hanywi chungu kimoja na anayetaka kumdanganya. Anatoli akatia sahihi.

Kwa neno lake, majirani wakiongozwa na Bizimana waliupanua mfereji kwa majembe. Misimu miwili ya maharage ikapita bila nguzo hata moja. Kila akipigiwa, Elick alisema kesho. Bizimana akaacha kumsalimu Anatoli, na kilabuni wakamwita Mzee Nguzo.

Karatasi ile ya Keza ilikuwa nakala ya taarifa ya kampuni kwa serikali. Iliandika kwamba umeme wa Anatoli unatumika, ikataja kaya zote arobaini. Kwa taarifa hiyo kampuni ilihesabiwa imetimiza agizo. Nguzo za nini tena?

Siku ya mazishi Bizimana alisimama mbali, kwenye migomba. Keza alimfuata na ile karatasi.

"Shikamoo, Baba Derick."

"Marahaba."

"Mlimwita baba mwongo. Soma."

Alisoma polepole, kidole kikifuata majina.

"Kumbe nina taa," alisema. Kisha akauliza, "Mwenyewe aliiona hii?"

"Hakuiona."

Bizimana alivua kofia, akaja kaburini.

Elick hakufika. Jeneza liliteremshwa kwa kamba, na katekista akaomba mwanga wa milele umwangazie marehemu. Clotilda alitupa udongo, akafuata Keza, kisha Bizimana. Wanaume wakafukia. Msalaba wa mbao ukasimikwa, watu wakanawa mikono na kuosha majembe kwenye mfereji, wakaenda.