Siku Ruashi Ilipoililia Bafle Yangu

Chekeni tu, marafiki, mimi mwenyewe nimeshazoea: watu wa mtaa wetu wa Ruashi, kuanzia barabara kubwa hadi mlangoni kwetu, waliililia bafle yangu. Ndiyo, bafle, sanduku la kutolea muziki, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikiwapungia mkono.

Yote yalianza na baba yangu, papa Ilunga, mzee wa reli aliyestaafu. Alikuwa ametoka hospitali na hakutaka tena kuvuka mlango wa chumba chake, akisema mtaa umeshamsahau, na kitu pekee alichoomba ni kusikia kanda ya korali, yaani kwaya, ambamo mama yetu marehemu anaimba ubeti mmoja peke yake. Lakini kile kibafle tulichokuwa nacho kilimgeuza mama kuwa mbu ndani ya chupa (papa alisikiliza mara moja akageukia ukutani, nami iliniuma sana). Basi nikaamua kuunda bafle yangu, yenye oparlere moja tu, yaani spika yenyewe, ile inayoimba sauti zote, nyembamba na nene, maana mama alikuwa na mdomo mmoja, kwa nini sauti yake itoke kwenye midomo mitatu kama ya bafle za kawaida?

Sasa oparlere ya namna ile ni ndogo kama kisahani, haina kifua, kifua inapewa na sanduku, na sanduku lazima liwe refu, jembamba, lisivuje hewa hata kidogo, la sivyo sauti nene inapotea. Na Kenya yote (mtaa wa mji wetu, si ile nchi), pale kwenye karakana za mbao, nani anaunganisha mbao hata hewa isipite? Fundi wa majeneza! Nikajiona mjanja kweli. Nikampelekea vipimo: urefu kama wangu, tundu la duara upande wa juu, vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao. (Naye kwa wema wake akaongeza mishikio ya rangi ya dhahabu, "juu ya kubeba muzuri", nami nikamshukuru!)

Siku ya kulileta nyumbani niliogopa lile vumbi jekundu la Ruashi lisiingie tunduni, nikalifunika sanduku shuka jeupe, nikamwambia dereva wa pikapu aende polepole na awashe taa, mimi nikakaa nyuma kimya, nimekumbatia oparlere ndani ya blanketi. Njiani pikipiki zikaacha kutupita, zikajipanga nyuma yetu. Wanaume wakavua kofia. Nikadhani (Mungu anisamehe) sifa za bafle yangu zimetangulia, ndipo nikaanza kupunga mkono.

Tulipokata kona ya avenue yetu, upepo ukafunua shuka, na jirani yetu mama Ngalula akaliona tundu, pale pale ambapo jeneza huwa na kioo cha uso. Akatupa ndoo.

"Yoo! Papa Ilunga anatuacha! Kasongo, hata kutuambia?"

"Hapana, mama, ni bafle!"

"Mutoto akili inamuruka, mumushike!"

Wakanishika kweli. Kufumba na kufumbua viti vya plastiki vimepangwa uani, wanawake wako chini, mama Ngalula anataja sifa za papa, kilio kimepamba moto. Halafu mtu mmoja akasema alimwona papa dirishani asubuhi ile ile, na macho yote yakanigeukia, maana kwetu kumletea mtu hai jeneza ni kumwitia kifo, na neno uchawi likaanza kunong'onwa. Lakini mimi sikuogopa hilo. Niliogopa kwamba papa yuko ndani, mgonjwa, anasikia matanga yake mwenyewe, na moyo wake utasimama kwa sababu yangu.

Mlango ukafunguka. Papa akatoka kwa miguu yake, na pijama yake.

"Beko banalia nani?"

"Banalia weye, papa," nikasema. "Lakini iyi ni bafle. Ni juu ya kusikia mama."

Akalizunguka sanduku, akachungulia tunduni, akalipigapiga ubavuni kwa vidole.

"Iko murefu sana. Miye siko murefu vile."

Mtu akacheka, kisha uwanja mzima. Nikafunga oparlere haraka haraka nipate kuiwasha, lakini papa akainua mkono.

"Ngoja kwanza." Akavuta kiti, akaketi katikati ya waombolezaji. "Mama Ngalula, ulikuwa unasema miye ni muntu wa namna gani? Anza tena."

Naye akaanza tena, safari hii akicheka na machozi yakimtoka. Baadaye, ndani ya bafle, mama yetu akaimba ubeti wake, kwa mdomo mmoja, na papa akafumba macho, nami nilifurahi hata nikasahau aibu. Tangu siku ile hakai tena chumbani.

Nimeapa kwamba sitapitisha tena sanduku tupu mtaani bila oparlere yake kufungwa tunduni, kila mtu aione. Jana fundi alipiga simu, sanduku la bafle ya pili niliyomwagiza liko tayari, nikamwambia papa kiapo changu. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Funika na shuka vile vile, na upitie avenue ya nyuma. Bale ba kule habakukuja kunililia."