Inyange, Yangeyange

Watu wanaoangalia ndege siwaelewi mpaka leo, na kwa umri huu nilionao sitarajii tena kuwaelewa. Kumwinda ndege naelewa. Kumfukuza naelewa zaidi, maana nilipokuwa mtoto kule Kitahana, upande wa Kibondo, kazi yangu ilikuwa hiyo: kukaa juu ya kichuguu katikati ya ulezi, kombeo mkononi, tangu umande mpaka jua linazama, nikitukana kila chenye mabawa. Ndiyo maana shule niliishia darasa la pili. Ulezi ulipoiva mwalimu alinisubiri, akachoka. Ndege pekee niliyewahi kumtazama kwa utulivu ni kuku, tena nikiwa nimeshika kisu.

Sasa sikia mambo ya shemeji yangu.

Shemeji ni mtu wa pwani. Alikuja Kasulu kijana, amefuatana na mjomba wake mwenye duka la vitambaa. Mjomba akafa, duka likabaki kwake. Akamwoa dada yangu, mtoto wa baba mdogo, wakazaa, wakajenga. Miaka arobaini na zaidi amekaa pale, na mji mzima tunamwita Mswahili. Jina lenyewe alilipenda, au ndivyo nilivyodhani. Kila jioni nilikaa naye kwenye kibaraza cha duka tukibishana. Nikisema nanasi la Kasulu ni tamu, ananiambia sijaonja la kwao. Nikisema mvua imenyesha, kwao inanyesha ya vuguvugu. Hata kuku wa kwao, ukimsikiliza, wananenepa kwa upepo tu.

Mwaka 2013 magoti yalimshinda akamwachia mwanawe duka. Mtu aliyezoea kupima vitambaa mchana kutwa, ukimwondoa kwenye mita yake anaharibika. Wengine wanaharibikia kwenye pombe. Huyu aliharibikia kwenye ndege.

Ilianzia Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Kambi wakati ule ilikuwa ya Wakongo, Warundi wale wengi walikuja baadaye, mwaka 2015. Tulikuwa tumekwenda sokoni kwao kutafuta vitenge, shemeji akaiona darubini juu ya meza ya mama mmoja Mkongo, imelala katikati ya vijiko na tochi.

"Hii ya nini, mama?"

"Papa, weka tu ku macho, utaona paka ku Kongo."

"Na nani anataka kuiona Kongo?" nikauliza. "Si mmeikimbia wenyewe?"

"Wewe papa uko na mdomo kama ya bata," akaniambia. Watu wakacheka, shemeji akainunua.

Jicho moja la darubini lilikuwa na ukungu kwa ndani. Hakujali, akawa anafumba jicho lake la upande huo. Asubuhi na jioni anasimama nyuma ya nyumba, shingo imenyooka, daftari kwapani, anaandika ndege. Anaandika nini? Ndege amekaa. Ndege ameruka. Wanawake wa nyumba ya pili wakaja kulalamika.

"Mswahili, huko unakotazama ni bafuni kwetu."

"Natazama ndege, chozi, yuko kwenye mgomba."

"Na huyo chozi wako anaoga na sabuni gani leo?"

Dada yangu alicheka siku ile mpaka akaketi chini. Hakucheka tena mzee alipoanza kusema kwamba ndege wa Kasulu ni ndege wa kubahatisha, ndege wenyewe wako pwani. Alipokuwa mtoto aliwaona heroe, ndege wa miguu mirefu, wamesimama kwenye matope mstari mwekundu kama kitambaa kimetandazwa. Lazima akawaone tena. Mwaka uliofuata, masika yalipokwisha, akafunga mizigo. Dada akaniita jikoni.

"Kaka, umeona anachobeba?"

"Sijaona."

"Kanzu zote. Blanketi. Redio. Na sanda yake ameikunja chini kabisa, anadhani sikuiona. Mtu anayekwenda kutazama ndege anabeba sanda?"

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Nenda naye," akasema. "Umrudishe. Ukirudi peke yako usije kunisalimia."

Nisikufiche, sikwenda kwa ajili ya dada peke yake. Shemeji akihamia pwani, mimi jioni ningebishana na nani? Na vijana wa siku hizi, ambao ukiwaambia jambo wanakujibu "poa"?

Siku mbili kwenye basi mpaka Dar es Salaam, siku nyingine mpaka Tanga na kuteremka kijijini kwao. Safari sitaisimulia, kiuno changu kinaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ila joto nitalisema. Tuliposhuka nilihisi kama kuna mtu anapika nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu wala moto, ni hewa yenyewe. Na hiyo ndiyo nchi niliyosifiwa miaka arobaini! Kasulu jioni unavaa koti kama binadamu. Kule shati lilinigandia mgongoni saa moja ya asubuhi.

Tulifikia kwa dadake mkubwa, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Huyo nitamwita bibi wa pwani, nisikuchanganye na dada yangu. Sasa, sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Tunainama kidogo, tunapiga makofi polepole, tunaulizana habari mpaka ziishe zote. Bibi wa pwani akatoka uani amefungua mikono ampokee ndugu yake, na shemeji, mtoto wa pwani, Mswahili wetu, akainama akaanza kupiga makofi. Mikono ilikwenda yenyewe. Niliiona ikienda. Wajukuu uani wakapasuka kwa kicheko.

"Kaka," bibi wa pwani akamwambia, "huko bara ulikwenda kuuza duka au kucheza ngoma?"

Nilicheka kuwashinda wote. Nikasema moyoni, kazi yangu imekwisha mapema, huyu tutarudi naye kesho kutwa.

Asubuhi tukaenda kutazama ndege. Bibi wa pwani alitufungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, tukakaa juu ya gogo karibu na mikoko, maji yametoka, matope mpaka macho yanapoishia. Shemeji akatoa darubini kwa heshima zote. Ndege wa kwanza, kunguru. Akageukia kushoto, kunguru. Kulia, kunguru watatu wanagombea kichwa cha samaki. Nikamwambia hawa kwetu wapo, mbona hukuniambia nibebe wangu. Akasema nisubiri. Wakati nasubiri kunguru wa sita akashuka nyuma yetu, akafungua kitambaa kwa mdomo kama mtu aliyekifunga yeye, akaondoka na mkate. Hiyo ndiyo pwani.

Heroe hakuwapo hata mmoja. Walikuwapo vitwitwi, vindege vidogo vya miguu myembamba, vinakimbia mbele vinasimama, vinarudi vinasimama, mfano wa makarani siku mkubwa anapokuja kukagua. Shemeji alivitazama saa nzima kwa jicho moja. Mimi nilitazama jasho langu likidondoka.

Mara akatua ndege mweupe, mrefu wa shingo, peke yake kwenye maji ya kina kifupi. Shemeji akachangamka, akanishika bega, akapaza sauti:

"Inyange! Ile pale, inyange!"

Akafungua daftari akaandika. Karibu yetu alikuwapo mama mmoja anaokota chaza kwenye matope, ndoo kiunoni. Akainua kichwa.

"Umesemaje, mzee?"

"Inyange. Ndege mweupe yule."

"Yangeyange yule," mama akasema. Akaongeza kwa upole kabisa, kama mtu anavyomwonyesha mwingine njia: "Huku kwetu, mgeni, tunamwita yangeyange."

Akainama kuendelea na chaza zake.

Inyange ni Kiha. Ndivyo tunavyomwita sisi. Shemeji alikuwa amesafiri siku tatu kuja kwao kutazama ndege wa kwao, na ndege wa kwao amemwita kwa lugha ya mkewe. Nilikuwa na maneno kumi ya kumchoma, mazuri yote, yamejipanga mdomoni. Nikamtazama. Alikuwa bado ameshika kalamu juu ya lile neno, halikati wala haliachi. Nikasema tu kwamba jua limekuwa kali, twende.

Ungedhani angefunga mizigo. Wapi! Kesho yake alirudi gogoni, na kesho kutwa. Bibi wa pwani akamwonyesha chumba cha uani, akamwambia ni chake, kimekuwa chake siku zote. Siku ya sita nikachoka.

"Shemeji, ndege umewaona. Kunguru umewaona mpaka wanakujua. Turudi, dada anasubiri."

"Rudi wewe."

"Unabaki hapa kufanya nini? Ukipiga makofi wanakucheka. Ukitaja ndege unasahihishwa na mwokota chaza. Wamekuita mgeni siku ya pili tu!"

"Ninyi mmeniita Mswahili siku ngapi?" akaniuliza.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, akanitangulia.

"Miaka arobaini na moja. Watoto wangu Waha, mke wangu Muha, nyumba nimejenga kwa matofali ya udongo wenu. Nikipita bado mnasema, Mswahili huyo. Wewe mwenyewe, kila jioni. Mimi sitaki heroe wala nini. Nataka kufia mahali nisipoulizwa nimetoka wapi."

"Basi hapo si hapa," nikasema.

"Ndiyo. Nimeona. Lakini hapa nitaulizwa kwa muda mfupi zaidi."

Alikuwa amekasirika kweli. Hatukuwahi kukasirikiana kweli, maana ubishi si hasira. Nikapanda basi peke yangu.

Kasulu niliingia kama mwizi. Siku tatu nilipita njia ya nyuma, mlimoni, mtu mzima nakwepa mtaa kwa kumwogopa mwanamke niliyemwona akizaliwa. Siku ya nne akanikuta shambani.

"Umemwacha."

"Nimemwacha."

"Amesema nini?"

Nikamwambia yote, ya makofi, ya inyange, ya mgeni na ya Mswahili. Nilipunguza sehemu yangu kidogo, sitasema uongo hapa, lakini si sana. Alisikiliza amesimama. Nilitegemea kilio. Akauliza hivi tu:

"Kuna joto kiasi gani?"

"Joto la kuchomea mtu. Hakulaliki."

"Hm," akasema, akaondoka.

Wiki ile ile akapanda basi. Dada yangu alikuwa hajawahi kupita Uvinza! Mwanawe alimsindikiza stendi akidhani mama anakwenda kumleta baba, nami nilidhani hivyo hivyo, na mtaa mzima ukakaa kuhesabu siku. Wengine walisema atamleta kwa masikio. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Simu ikaita dukani, mwanawe akanipa mimi, maana mama ametaka kusema na kaka.

"Mwakeye, kaka."

"Mwakeye. Mnarudi lini?"

"Mifupa yangu imenyamaza," akasema.

"Nini?"

"Vidole, magoti, mgongo. Kasulu miaka kumi silali kwa baridi, nawaambieni mnasema uzee. Huku siku ya tatu nimeamka vimenyamaza vyote. Nikadhani nimekufa."

"Dada, nilikutuma umlete." Hata sikujua nasema nini, maana aliyetuma alikuwa yeye.

"Nimemkuta amekaa kwenye gogo lake, amenuna, hata wifi hasemi naye. Nikakaa pembeni. Mimi nani ananijua huku? Mimi ni mgeni wa kuonekana toka mbali, hata kunguru wanajua. Nikaanza kuuliza. Yule anaitwaje? Na huu mti? Na hii wanayokula? Kaka, huyo mtu amefufuka! Anaeleza mpaka anakohoa. Wanawake wa chaza wanapita wanamsalimu, wanamwambia, mwelekeze mkeo asije akazama. Hakuna anayemwita mgeni tena, mgeni ni mimi."

"Na wewe unakubali?"

"Nimepungukiwa nini? Asubuhi tunatazama ndege. Ananiambia jina, namwitikia. Mengine naona kabisa anayatunga, namwitikia vilevile."

"Kwa hiyo hamrudi."

Nikasikia kicheko chake, na nyuma yake sauti ya shemeji akimwambia aniulize ulezi wangu ndege wameniachia kiasi gani, mshenzi yule. Halafu akasema watoto waje sikukuu, na mimi nije, nisilete koti. Simu ikakatika.

Nilibaki nimeshika simu kwenye kibaraza. Nilimtukana shemeji kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kiha, nikawatukana ndege wa bahari yote wenye jina na wasio na jina. Nilipoingia ndani kuirudisha simu, mwanawe alikuwa anampimia mama mmoja kitambaa, mita imenyooshwa, hakuinua kichwa.

"Mjomba, mama amesemaje?"

"Amesema huko kuna joto," nikamwambia, nikatoka nikaenda nyumbani mapema.