Maombi Marefu ya Waya Nane

Nilimdanganya Mama Chebet, supavaiza wetu wa kupakia majani chai hapa Sotik. Nilimwambia kwamba waya nane za mota mpya nimezipima mbili mbili kwa mita ya umeme, kujua zipi ni jozi. Ukweli ni kwamba nilizifunga kwa kisanduku cha umeme cha kuiendesha mota nikifuata rangi za mota ya zamani. Kama nilikuwa nimekosea, kisanduku kingeungua na kazi yangu nacho.

Hapa mashine haiwashwi bila maombi. “Fundi, tuombee,” Mama Chebet akasema.

Nikaombea mota, wachuma chai, mvua, hadi ng'ombe wa Mulot, ili tu swichi isiguswe.

“Amina,” akanikatiza, akawasha. Mota ikanguruma, ikatetemeka, lakini isizunguke.

Akaizima. “Lete hiyo mita tupime tena.”

Nikaitoa kwa begi. Ilikuwa bado kwa nailoni ya dukani.