Katibu Aliyevuliwa Miwani

Katibu mkuu wa chuo, pale Kimemi mjini Butembo, hajibu hasira za wanafunzi kabla ya kufuta miwani yake. Huivua taratibu, huipuliza, kisha huisugua kwa ncha ya tai, kioo cha kulia, cha kushoto, na kulia tena, huku wenye kelele wakichoka mmoja mmoja. Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu anayembembeleza mbuzi apite mlangoni. "Mais batoto yangu," husema mwishowe, akichanganya Kifaransa na Kiswahili cha kwao, "tulikuwa tunasema nini?" Kwa kawaida hakuna anayekumbuka.

Juzi mitihani ilisogezwa mbele bila wanafunzi kuulizwa, nao wakaziba lango kwa mabenchi. Katibu akatoka, akavua miwani, akaanza kusugua. Hadassa, msemaji wa wanafunzi, akamnyooshea mkono kwa adabu zote. "Papa, leta nipanguse mimi. Weye sema tu." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Katibu akampa miwani, akabaki na mikono isiyo na kazi. Akaitia mikono hiyo mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Mwishowe akacheka naye, akaketi kwenye benchi moja pale langoni. "Tulikosea," alisema. "Hatukubauliza." Bila miwani hakuweza kumtambua mkorofi wala mpole, basi akawasikiliza wote sawasawa, mpaka wakakubaliana mitihani irudi kwenye tarehe yake. Katibu akainuka, akashika ncha ya benchi lile ili liondolewe langoni, akawatazama. "Donc, basi, nani anashika upande ingine?"